Bunduki ya samaki: mbele ya kununua, jua samaki, maji na sheria

Kwenye simu za vijana wetu kunapita video nyingi za wazamiaji. Mtu anashuka chini ya maji na miwani yake machoni, mkononi ameshika bunduki ndefu ya mpira, na kisha muda mfupi anapanda juu na samaki mkubwa. Hapa Mulongwe, ambako nyumba nyingi zinakula kwa sababu ya ziwa, swali linakuja lenyewe: kifaa kama hicho kinaweza kunisaidia na mimi? Na kama ndiyo, nichague cha namna gani?

Tutaeleza hapa chini namna bunduki ya samaki inavyofanya kazi, namna watu wanaoitumia kwingine wanavyoichagua, sababu gani Kenya na Tanzania waliikataza, na hayo yote yana maana gani kwa mtu wa Uvira. Jibu fupi tulitoe mara moja: kwa mvuvi anayetafuta chakula cha watoto huku upande wa kaskazini wa Tanganyika, bunduki hii siyo kitu cha kwanza cha kununua. Lakini sababu zake ni vizuri kuzijua, juu zinagusa pia wavu, ndoana na kila chombo tunachotia majini.

Bunduki ya samaki ni nini?

Isikuogopeshe kwa jina. Haina baruti wala risasi. Ni ubao ao bomba refu lenye mpini nyuma, kifyatuo ambacho wengi wanaita gashete, mpira mzito mbele, na mshale wa chuma uliolazwa juu yake. Mzamiaji anavuta mpira mpaka unakamata kwenye alama iliyochongwa kwenye mshale. Akibonyeza gashete, mpira unarudi kwa nguvu na kusukuma mshale. Mshale umefungwa kwa kamba, basi samaki hawezi kwenda nao.

Bunduki za namna hii zilianza kuenea huko Ufaransa ya kusini katika miaka ya 1930, pamoja na miwani ya kuzamia. Kiisha zikaingia bahari zote. Kwenye pwani ya Kenya vijana wanajitengenezea zao: mti mgumu, vipande vya mpira wa ndani wa gari, na fimbo ya chuma iliyonolewa. Huko wanaiita tu bunduki.

Kuko pia ndugu yake mdogo: mkuki wenye kitanzi cha mpira nyuma. Mzamiaji anapitisha mkono kwenye kitanzi, anavuta mkuki, kiisha anauachia. Hauna gashete, hauendi mbali, lakini ni rahisi na hauna hatari nyingi ya kujifyatukia wenyewe.

Wanaoitumia wanaichagua namna gani?

Kitu cha kwanza ni urefu. Watu wengi wanafikiri ndefu ndiyo nzuri. Sivyo. Urefu unafuata umbali ambao unaweza kuona chini ya maji. Maji yakiwa na tope, ao ukiwa unatafuta samaki kati ya mawe, bunduki ya sentimeta 75 hivi inatosha, juu ni rahisi kuigeuza. Maji yakiwa meupe, watu wanachukua ya sentimeta 90 mpaka 100. Za sentimeta 120 na zaidi ni za maji ya wazi kabisa, kwa samaki wakubwa ambao hawakubali kukaribiwa. Bunduki ndefu kwenye maji machafu ni mzigo wa bure: inafika pale ambapo jicho halifiki.

Kitu cha pili ni nguvu inayosukuma mshale. Kuko bunduki za mpira na kuko za hewa. Ya hewa ni fupi na ina nguvu, lakini ndani yake kuna vipete vidogo vya mpira vinavyozuia hewa kutoka, na inaomba pampu yake. Siku kipete kimekatika, kama hakuna duka linalouza kingine, bunduki imekufa. Ya mpira ni rahisi: mpira ukipasuka unaubadilisha mwenyewe. Mipira inayotumika sana ina unene wa milimita 14 mpaka 18. Mnene zaidi una nguvu zaidi, lakini lazima mikono na kifua chako viweze kuuvuta, tena ukiwa unaelea majini.

Kitu cha tatu ni mshale. Chuma cha milimita 6 mpaka 7 ndicho cha kawaida. Chembamba kinaenda mbio lakini kinapinda kwenye jiwe. Kinene kinavumilia lakini kinachelewa. Karibu na ncha kunakuwa na kishikizo kidogo kinachofunguka ndani ya nyama ili samaki asichomoke.

Kitu cha ine, na wengi wanakisahau: gashete na kifungio chake cha usalama. Bunduki ya kujitengenezea ambayo gashete yake imechakaa inaweza kufyatuka ukiwa unaipitisha kwa mwenzako ndani ya mtumbwi. Kwa hiyo sheria ni moja kwa wazamiaji wote duniani: bunduki inavutwa ukiwa ndani ya maji, inafunguliwa mpira mbele ya kutoka, na hailekezwi kwa mtu hata ikiwa haina mshale.

Macho yanadanganya

Mtu aliyevaa miwani ya kuzamia haoni vitu sawa na vilivyo. Mwanga ukitoka kwenye maji na kuingia hewa iliyo ndani ya miwani, unapinda. Kwa hiyo samaki anaonekana karibu kuliko alivyo, pungufu ya robo moja ya umbali, na anaonekana mkubwa kwa theluthi moja. Samaki wa sentimeta 30 machoni mwako anakuwa wa 40.

Hii ina matokeo mawili. La kwanza, wanaoanza wanafyatua mapema, mshale unaishia njiani. La pili ni baya zaidi: wanaua samaki mdogo wakimuona mkubwa. Anapopandishwa juu ndipo wanagundua, lakini hapo hakuna kumrudisha. Wavu wenye matundu makubwa unamwachia mdogo apite. Ndoana unaweza kuichomoa taratibu na kumrudisha. Mshale hausamehe.

Na wale wanaochoma samaki kwa mkuki wakiwa juu ya mtumbwi, wao wanadanganywa kwa njia nyingine. Kutoka juu, samaki anaonekana yuko juu kuliko pale alipo kweli. Wazee wanaojua kazi hii wanalenga chini ya pale wanapomuona.

Pumzi: hapa ndipo watu wanapoteza maisha

Katika uvuvi huu, mshale unaumiza wachache. Kinachoua zaidi ni pumzi.

Ukishuka mita 10, uzito wa maji na hewa juu ya mwili wako unakuwa mara mbili ya ule wa juu ya maji. Masikio ndiyo yanasikia kwanza. Inakupasa kubana pua na kupuliza taratibu kila mita chache. Ukisikia maumivu na ukaendelea kushuka, ngoma ya sikio inaweza kupasuka, na mtu aliyepasuka sikio chini ya maji anaweza kupata kizunguzungu mpaka asijue juu ni wapi.

Lakini hatari kubwa haina maumivu. Vijana wengi mbele ya kuzama wanapumua haraka haraka mara nyingi, wakifikiri wanajaza hewa. Kweli ni kwamba hawaongezi oksijeni nyingi. Wanapunguza tu ile hewa chafu ambayo ndiyo inaamsha hamu ya kupumua. Basi mtu anabaki chini akijisikia vizuri kabisa, kumbe oksijeni inaisha. Anapopanda, uzito wa maji unapungua, na ile oksijeni kidogo iliyobaki inashindwa kufika kwenye ubongo. Anazimia katika mita za mwisho, mara nyingi akiwa karibu kabisa na jua. Hapigi kelele, hapigi maji. Anazama kimya. Inaweza kumpata hata muogeleaji hodari, na hodari ndiye anajiamini zaidi.

Kwa hiyo:

- Usizame peke yako hata siku moja. Mmoja anashuka, mwingine anabaki juu akimuangalia, na anaendelea kumuangalia nusu dakika hivi kisha kutoka.
- Usipumue haraka haraka mbele ya kuzama. Pumua kawaida, tulia, vuta pumzi moja kubwa.
- Pumzika juu ya maji muda ulio mara mbili ya ule uliokaa chini.
- Mwenzako akizimia, mtoe uso nje ya maji, mvue miwani, mwite jina, mpulizie usoni. Kama hapumui, mpe pumzi kwa kinywa na umfikishe nchi kavu na kituo cha afya bila kungoja, hata akiamka.

Sababu gani Kenya na Tanzania waliikataza?

Kenya walikataza bunduki ya samaki kwa tangazo la serikali mwaka 2001, pamoja na zile nyavu za kuvutwa ufukweni. Tanzania pia wameiweka kati ya vyombo vilivyokatazwa katika kanuni zao za uvuvi. Sababu zinafanana.

Bunduki inaenda pale ambapo wavu hauwezi kwenda: ndani ya mawe na matumbawe, ambako samaki wanajificha, wanataga na kulea watoto. Kabla ya hapo, mawe yalikuwa ulinzi wao. Mzamiaji mwenye bunduki anachagua mmoja mmoja, na anachagua mkubwa. Tena samaki mkubwa jike ndiye mwenye mayai mengi; jike mmoja mkubwa anaweza kutaga kuliko wadogo wengi wakiwa pamoja. Ukimtoa huyo, hujatoa samaki mmoja, umetoa wa miaka inayokuja. Na kule baharini, mshale unaokosa samaki unapiga matumbawe na kuyavunja.

Lakini tuwe wakweli: kukataza peke yake hakukumaliza jambo. Pwani ya Kenya bunduki hazikupotea kisha 2001. Wanaozitumia wengi ni vijana wasio na mtumbwi wala pesa ya wavu. Fimbo ya chuma na kipande cha mpira ndivyo walivyoweza kupata. Ukimnyang'anya bunduki bila kumuonyesha njia nyingine, kesho atachonga ingine. Hilo ni somo kwetu pia, kwa bunduki na hata kwa vyandarua vya mbu vinavyogeuzwa nyavu.

Sasa turudi kwetu: unataka samaki gani?

Swali la kwanza lilikuwa bunduki gani. Sasa tulibadilishe: samaki gani? Juu samaki wanaolisha Uvira hawapatikani kwa bunduki.

Ndakala na lumbu wanatembea kwa makundi makubwa mbali na ufuko, na usiku wanafuata mwanga wa taa. Mukeke naye anakaa maji ya wazi, akiwinda ndakala. Hao ndio sehemu kubwa ya samaki wanaouzwa kwenye masoko yetu. Hakuna mzamiaji atakayejaza beseni la ndakala kwa mshale, na mukeke aliye mbali na kina kirefu hamuwezi. Hao ni wa ekipe zenye taa na wavu, na wa wavuvi wa kamba.

Wanaobaki kwa bunduki ni samaki wa mawe na wa ufuko: kuhe, sangala, na wale samaki wadogo wa rangi nyingi ambao dunia nzima inawajua kwa jina la Tanganyika.

Chukua kuhe. Huyu ni mmoja wa wakubwa kabisa katika ukoo wake duniani, tena hapatikani ziwa lingine lolote. Dume na jike wanachagua pahali, jike anataga mayai maelfu, kiisha wote wawili wanasimama juu ya watoto kuwalinda kwa majuma mengi. Wakati huo karibu hawali. Ukiwakaribia hawakimbii, wanakugeukia wakufukuze. Kwa mtu mwenye bunduki, hakuna samaki rahisi zaidi. Lakini ukimuua mmoja, yule aliyebaki hawezi kuzuia maadui kila upande, na lile wingu lote la watoto linaliwa. Umepata samaki wa sufuria moja, umepoteza kundi.

Samaki wengine wengi wa mawe wanalea ndani ya kinywa. Jike anabeba mayai na watoto mdomoni. Ukiona samaki mwenye shavu limevimba, huyo amebeba. Samaki hao wa ukoo mmoja na kuhe wako karibu aina 250 katika Tanganyika, na karibu wote hawako pengine popote. Sehemu moja ambako wamechunguzwa kwa makini ni hapa hapa: watafiti wa kituo cha hydrobiologie cha Uvira, CRH, pamoja na wenzao wa Japani, walizama miaka mingi kwenye mawe ya Luhanga wakihesabu samaki mmoja mmoja. Ambavyo mtu anatoka Japani kuja kutazama, sisi tusivimalize kwa mshale.

Sangala naye, akiwa mkubwa, anakaa pembeni ya mawe na anaweza kufika makumi ya kilo. Ndiye anayewatamanisha wazamiaji. Lakini sangala mkubwa ndiye yule mwenye mayai mengi tuliyemtaja. Tena bunduki ya kawaida haimshiki: anakuvuta na kamba yake mpaka chini.

Na maji gani?

Ziwa letu linasifiwa kwa maji meupe, na ni kweli pale kwenye mawe upande wa kusini. Lakini mbele ya mji, hadithi ni nyingine. Mito ya Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira inashuka kutoka milimani na udongo mwingi. Wakaaji wa Mulongwe hawahitaji kukumbushwa Aprili 2020, mto ulipotoka kwenye njia yake na kubeba nyumba na watu. Udongo ule unaishia ziwani. Kisha mvua, mbele ya Mulongwe mtu akinyoosha mkono ndani ya maji anaweza asione vidole vyake. Upande wa Ruzizi ni hivyo hivyo. Hapo bunduki ni hatari tu: unafyatua bila kujua nyuma ya samaki kuna nani, na watoto wetu wanaoga pale pale.

Kuna pia wenye ziwa. Viboko wanatembea mpaka karibu na nyumba, na mamba wako upande wa delta ya Ruzizi. Mzamiaji anayeburuta samaki mwenye damu anaita mamba kwa jina. Kwenye mawe kuna nyoka wa maji, aina ya swila anayekula samaki; ana sumu, ingawa kwa kawaida anamkwepa mtu. Usiingize mkono kwenye tundu usiloliona ndani.

Na kuko bilharziose. Konokono wanaobeba ugonjwa huu wanapenda maji ya chini yenye majani. Anayeshinda majini kila siku apimwe kwenye kituo cha afya mara kwa mara, hata kama hasikii kitu.

Sheria, na umbo la kifaa

Ziwa ni moja lakini nchi ni ine. Congo, Burundi, Tanzania na Zambia walitia sahihi mkataba wa kulinda Tanganyika huko Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na mamlaka ya ziwa inayotokana na mkataba huo ina makao yake Bujumbura. Kutokana na mapatano ya nchi hizo, mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wazae. Mtu asifikiri kwamba kufunga ziwa kunahusu nyavu tu. Mbele ya kuingia na chombo chochote kipya, uliza kwanza ofisi ya serikali inayoshughulika na uvuvi, na uliza kamati ya wavuvi ya ufuko wako. Kupitisha mpaka wa majini na chombo ambacho Tanzania imekataza kunaweza kukupotezea chombo, mtumbwi na pesa ya faini.

Tena kuna jambo la kwetu peke yetu, ambalo video za mtandaoni haziwezi kukuambia. Sisi tunaishi mahali ambapo watu wenye silaha wanapita, nchi kavu na majini. Kifaa chenye mpini, gashete na mdomo mrefu, kikionekana kutoka mbali asubuhi na mapema ndani ya mtumbwi, ni nani atakayengoja kujua kwamba ni mpira tu? Kwenye bariere pia, kueleza ni kugumu kuliko kubeba. Mtu anaweza kuingia matatizoni, ao kupoteza maisha, kwa kitu ambacho hakingemletea hata samaki wa wiki moja. Sababu hii peke yake inatosha kufikiri mara mbili.

Kama pesa ni kidogo, ununue nini?

Kijana asiye na wavu wala ekipe bado ana njia: kamba na ndoana. Hiki ndicho chombo kinachokaribia bunduki kwa bei ndogo na kwa kuchagua samaki, bila kuzama na bila kushukiwa.

Namba za ndoana zinachanganya watu wengi. Kwa ndoana za kawaida, namba inapanda ukubwa ukishuka: namba 12 ni ndogo kuliko namba 6, na namba 6 ni ndogo kuliko namba 1. Kisha namba 1 zinaanza zile zenye sufuri: 1/0, 2/0, 3/0, na hapo namba ikipanda, ndoana nayo inakua. Ukichagua ndoana kubwa kidogo, samaki wadogo hawawezi kuimeza. Hapo umeshachagua mbele hata ya kutupa kamba.

Kamba nayo ifuate samaki na mahali. Kwenye mawe chagua nene kidogo, juu jiwe linaikata. Iangalie kila jioni kwa vidole: pahali pametoka nyuzi ao pamekwaruzika, kata na ufunge upya. Usiiache kamba iliyokatika ndani ya maji. Inaendelea kufunga samaki na ndege bila faida kwa mtu. Samaki mdogo akikamatwa, lowanisha mikono mbele ya kumshika, mchomoe taratibu, umrudishe.

Kuko na faida ingine ya sokoni. Samaki wa ndoana anafika mzima. Samaki aliyepigwa mshale tumboni, matumbo yanamwagika ndani ya nyama, na kwenye joto letu bila barafu anaharibika haraka. Mama anayeuza samaki Mulongwe ataliona lile tundu, na bei itashuka.

Na yule anayetaka bado?

Kuko wenzetu wanaoishi pahali ambapo sheria inaruhusu, ao wanaosafiri. Kwao tunasema: anza na mkuki wa mpira, siyo bunduki. Jifunze kwanza kuzama na kupanda bila kifaa chochote mkononi, na mtu anayejua. Ukinunua bunduki, chukua ya mpira, ya sentimeta 75 mpaka 90, na uangalie gashete kuliko rangi. Beba leseni ya pale ulipo. Na mbele ya kufyatua, jiulize maswali matatu: huyu samaki ni mkubwa kweli, ao ni miwani yangu? Analinda watoto? Na nyuma yake kuna nani?

Maswali haya hayahitaji bunduki ili yawe na faida. Anayetupa wavu mbele ya Kalundu anaweza kujiuliza hayo hayo, na mwenye ndoana pia. Chombo chochote kinachoingia ziwani kinachagua: nani abaki, nani atoke. Tukiacha chombo kichague peke yake, kitachagua vibaya, na watoto wetu watatuuliza kuhe alikuwa samaki wa namna gani.